Nadhiri ya Goti la Balong

Wiki moja kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Isidro, Kapitana Luding, mama mkuu wa kijiji, aliwaita watu wa Baritaw chini ya paa la mabati la uwanja wa mpira wa kikapu. Ajenda ilikuwa moja: siri.

"Balong anakuja kutuchezea fainali," alisema. "Timu yake ya Manila haijui. Mkataba unamkataza kucheza nje ya ligi, hata kwenye uwanja wa chekechea. Wakijua, hawampi mwaka mwingine. Sasa niambieni, nani hapa ana mdomo?"

Watu wote wakageuka kumtazama Badong kinyozi.

"Mbona mimi?" Badong akalalamika. "Mimi natangaza mpira tu."

"Basi Jumamosi utatangaza bila kumtaja. Mwite Namba Saba."

"Kapitana, mtu mrefu kama nguzo ya umeme, anatokea Baritaw ambako mimi ndiye mrefu kuliko wote. Namba Saba ndiyo itamficha?"

Watu walicheka. Ponso Resuello hakucheka. Alikaa nyuma kabisa, mikono ikiwa bado na madoa ya rangi nyeupe, kwa sababu ndiye anayepaka mistari ya uwanja kila mwaka na ndiye refa wa mashindano ya kijiji. Siku nyingine anaendesha pikipiki yenye kigari cha abiria ubavuni. Ana miaka hamsini na minne na tumbo la kutosha. Balong ni mpwa wake, mtoto wa dada yake Erlinda aliyeolewa Kalifornia.

Kilichomsumbua Ponso kilikuwa magoti. Magoti ya watu wawili.

La kwanza lilikuwa la Balong. Kano ilikatika miaka mitatu iliyopita, mbele ya watu elfu kumi na tano, akirudi nyuma kuzuia shambulizi. Hakuguswa na mtu. Ponso alikuwa kwenye kibanda cha Badong akitazama televisheni. Alimwona mpwa wake anakaa sakafuni taratibu, kama mtu aliyechoka kusubiri basi, na akajua. Daktari wa Manila alisema kwa umri wake wa miaka thelathini na mbili ashukuru akitembea bila fimbo.

Lola Sepa, yaani Bibi Sepa, mama yake Ponso na bibi yake Balong, hakubishana na daktari. Alikwenda kanisani akaongea na Mtakatifu Isidro. Mrudishe mjukuu wangu uwanjani, alimwambia, naye atakuja kukichezea kijiji chako mechi nzima, mwanzo mpaka mwisho, siku ya mkesha wa sikukuu yako. Na mpaka atakapokuja, mimi nitakuwa naingia kwako kwa magoti kila mwaka, usije ukadhani tumesahau.

Goti likapona. Miezi kumi na minne baadaye Balong alikuwa anakimbia tena. Lakini Mei ni mwezi wa mechi za mtoano, na mkataba ni mkataba, hivyo kila tarehe kumi na tano Lola Sepa alipiga magoti mlangoni mwa kanisa akatambaa mpaka altareni juu ya vigae. Sasa alikuwa na miaka themanini na sita. Mwaka jana ilimchukua karibu saa nzima, na nyuma yake vigae vilibaki na madoa. Ponso alimfuata ameshika mto wa kiti. Alipojaribu kuusukuma chini ya magoti yake, alichapwa kofi mkononi mbele ya padre.

"Huu mto umeuahidi wewe?" mama yake alimuuliza. "Mimi sikuahidi mto."

Balong hakujua lolote. Ponso ndiye aliyemwambia mwezi wa pili, kwa simu, bila kuzunguka: "Bibi yako anatambaa kwa ajili ya goti lako. Nilifikiri unajua." Balong akauliza, "Fainali ni lini?"

Tangu siku hiyo Ponso alijuta. Si kwamba alitaka mama yake atambae. Ila ukutani kwake, pembeni ya kalenda ya duka la mbolea, alikuwa ameandika namba kwa kalamu ya rangi na kuibadilisha kila baada ya mechi. Sasa ilisomeka 481. Mechi kumi na tisa nyingine na Balong angefika mia tano, na waliofika mia tano katika ligi ile si wengi. Timu yake, iliyokuwa imeshatolewa mwaka huu, ilikuwa imemwahidi msimu mmoja wa mwisho. Saini ilikuwa Jumatatu. Sikukuu ilikuwa Jumapili, na fainali Jumamosi.

Na hizo 481 hazikuja kwa mteremko. Miaka kumi na tatu iliyopita kijana mmoja aitwaye Terrell Whitlock alishuka uwanja wa ndege wa Manila na begi moja na jozi mbili za viatu virefu kama mitumbwi. Amerika hakuna timu iliyomtaka. Huku, ili acheze kama mzawa, ilibidi athibitishe damu ya mama yake, na Ponso ndiye aliyesafiri saa sita kwenye basi amekumbatia cheti cha kuzaliwa cha Erlinda kilichofungwa ndani ya nailoni. Kijana alipofikishwa Baritaw kwa mara ya kwanza, Lola Sepa alimnyooshea mkono ili auinamie na kuuweka kwenye paji la uso wake, salamu ya heshima kwa wazee, na yeye akaushika akautikisa kama anamsalimia meneja wa benki. Lola hakuuondoa mkono. Aliuacha hewani. Ilibidi Ponso apande kwenye kiti amkamate kisogo, amwinamishe.

"Sasa umefika," Lola alisema, na tangu siku hiyo jina la Terrell likabaki kwenye pasipoti. Kwa watu wa Baritaw alikuwa Balong.

Hakuwahi kuwa nyota. Alianza na timu ya kampuni ya rangi, msimu mzima akipasha moto benchi. Wakampeleka timu ya biskuti, na kule kocha mmoja mwenye akili akagundua anachokiweza: kumkaba mfungaji wa wenzao mpaka mtu achukie kazi yake. Alipata ubingwa mmoja, akavunjwa pua mara mbili, akaangukia timu ya betri ambayo haikuwahi kushinda kitu. Magazeti yalimtaja mistari ya chini. Lakini alijifunza lugha, kwanza matusi kutoka kwa Ponso na baadaye yaliyobaki, na kwenye jezi aliomba waandike Resuello, jina la mama yake. Siku aliyoivaa mara ya kwanza, Ponso alisimamisha pikipiki barabarani na kulia, abiria wawili wakiwa ndani ya kigari wanachelewa sokoni.

Balong alifika Ijumaa mchana. Alipita chini ya mlango wa Lola akiwa amejikunja, akauchukua mkono wa bibi yake akauweka kwenye paji la uso, kisha wa Ponso.

"Umekonda," Lola alisema.

"Nina kilo mia moja na tatu, Lola."

"Basi zimekaa vibaya. Kaa ule."

Alipewa samaki wa bwawani aliyechomwa, wali na nyanya zilizokatwa na chumvi. Alikula samaki wawili kabla ya kumwambia mjomba wake, bila kuinua kichwa, "Tiyo, nimeliona bango."

"Bango gani?"

"Kule njia panda. Kwenye barabara kuu."

Ponso aliwasha pikipiki hata hajavaa ndala ya pili. Na kweli. Kwenye njia panda, kati ya nguzo mbili za mianzi, lilining'inia turubai pana kama ukuta wa nyumba: KARIBU NYUMBANI BALONG! FAHARI YA BARITAW! FAINALI JUMAMOSI SAA KUMI JIONI! Picha ya Balong ilikuwa pale, na pembeni yake uso wa Kapitana Luding ukitabasamu, mkubwa mara mbili ya wa Balong.

Alimkuta Kapitana akipika uji wa sikukuu na wanawake wa kanisa.

"Kapitana, tulisema siri!"

"Na ni siri. Nani amesema?"

"Bango limesema! Lina hata saa!"

Kapitana alishusha mwiko. Rangi ilimpotea usoni polepole. "Ponso," alisema, "sikukuu bila bango? Mgeni anakuja kutoka Manila, nimwache aingie kijijini kama muuza dagaa? Watu wangesema Luding hana shukrani."

"Liko pale tangu lini?"

"Jumatano."

"Siku tatu. Mabasi yote ya kwenda ufukweni yamepita pale."

"Mimi nilifikiri siri ni ya hapa ndani," Kapitana alisema kwa sauti ndogo. "Pale ni barabara kuu. Si kijijini."

Walilishusha kabla ya saa kumi. Lakini lilishaonekana.

Simu ililia Jumamosi saa sita, watu wakiwa mezani. Balong alitoka nje akasimama karibu na banda la kuku. Ponso alimfuata na kujifanya anatafuta spana. Alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo na meneja wa timu, na ulitosha.

"Ndiyo, Bwana Lacuesta. Ni mimi kwenye picha. Hapana, yule mwanamke si mke wangu, ni Kapitana... Ndiyo, nimesoma kifungu hicho. Ndiyo. Saa kumi." Akasikiliza kwa muda mrefu. "Nimekuelewa. Ahsante kwa kunipigia mwenyewe."

Aliweka simu mfukoni. Kuku walipita katikati ya miguu yake.

"Kasemaje?" Ponso akauliza.

"Kasema nikicheza leo, Jumatatu nisihangaike kwenda. Ni mtu mwema, Tiyo. Alikuwa karibu anaomba radhi."

"Usicheze."

"Tiyo."

"Sikiliza wewe mtoto. Nadhiri hubebwa na damu. Padre aliyepita alisema. Marehemu baba yangu alitembea na sanamu miaka sita kwa nadhiri ya kaka yake. Nitacheza mimi. Mimi si damu?"

Balong alimtazama kuanzia kipara mpaka kidole gumba. "Unashuka kwenye pikipiki unahema."

"Nitahema uwanjani. Mtakatifu hakusema nisiheme."

"Na refa?"

"Badong atapuliza filimbi."

Balong alicheka, lakini macho hayakucheka. "Lola asijue kuhusu simu hii," alisema. "Akijua, atanizuia, na kesho atatambaa. Umenielewa? Hata neno."

Hapo ndipo Ponso alipoona ana nini mkononi. Sentensi moja. Angemwambia mama yake, 'Akicheza leo, kazi yake imekwisha,' na Lola Sepa angesimama katikati ya uwanja na mwavuli wake, na hakuna mtu wa kumtoa. Mkataba ungesainiwa. Namba ukutani ingefika mia tano. Na kesho asubuhi yeye Ponso angetembea tena nyuma ya mama yake, na mto wake usio na kazi.

Alimkuta Lola amekaa kitandani, sketi imepandishwa, anajipaka mafuta ya nazi yaliyochemshwa na tangawizi. Ponso hakuwa ameyaona yale magoti karibu kwa miaka. Ngozi ilikuwa nyeusi na ngumu kama ya kisigino, na la kushoto lilikuwa na ufa usiofunga. Alikuwa anayaandaa kwa ajili ya kesho, endapo.

"Nini?" Lola akauliza. "Umesimama kama mdai."

"Mama, hivi nikicheza mimi badala ya Balong, haifai? Damu ni ile ile."

Lola alimwangalia kwa huruma ya kweli. "Ponso mwanangu. Nilimwahidi Mtakatifu mchezaji. Nikimpelekea wewe ataona namdhihaki."

"Alishakuona mara nyingi unatambaa. Hatachukia mwaka mmoja mwingine..." Akakwama. Sentensi ilikuwa imefika kwenye meno. Aliangalia ule ufa kwenye goti.

"Kuna kitu," Lola alisema. "Sema."

"Hakuna kitu," Ponso alisema. "Vaa sketi vizuri, tunachelewa."

Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda kwenye kuta. Kapitana alisimama langoni na mabeseni matatu ya kufulia, anakusanya simu.

"Kapitana, siri si imeshatoka?" mtu akamuuliza.

"Agizo ni agizo. Weka simu."

Wapinzani walikuwa Kalawitan, vijana wa miaka ishirini wenye mapafu ya farasi. Ponso alirusha mpira juu na mechi ikaanza.

"Namba Saba ana mpira!" Badong alitangaza kwenye kipaza sauti. "Namba Saba, mtu tusiyemjua kabisa, tusiyewahi kumnyoa nywele, anadunda kulia... anapita... kikapu! Mgeni huyu ni nani, jamani? Atakuwa mtalii!"

Watu wakalia kwa kicheko. Nahodha wa Kalawitan, kijana mwembamba mwenye mdomo, alimkaba Balong kwa karibu. "Mzee, hilo goti lina bima?"

"Lina mtakatifu," Balong akamjibu, akampora mpira.

Katika robo ya pili Balong alipiga hatua tatu bila kudunda. Ponso alipuliza filimbi kabla hajafikiri.

"Ponso!" Sauti ya Lola Sepa ilitoka kwenye kiti cha mbele. "Mpumbavu wewe! Huyo ni mtoto wa dada yako!"

"Ni hatua tatu, Mama!"

"Ulikuwa unazihesabu za nini?"

Hata Balong alisimama ameinama, mikono kwenye magoti, anacheka.

Robo ya tatu hakucheka tena. Alikuwa hajapumzika hata dakika. Kocha wa Baritaw, fundi bomba, alimwita mara mbili aje benchini, na mara mbili Balong alitikisa kichwa. Mechi nzima, ndivyo ilivyosemwa. Alianza kuukokota mguu wa kulia. Lakini hapo Ponso aliona kitu ambacho televisheni haikuwahi kumwonyesha, kwa sababu kamera hufuata mpira. Alimwona mpwa wake asiye na mpira. Aliona anavyosogea nusu hatua kabla mtu hajaamua kwenda, anavyoweka kiganja kiunoni mwa kijana wa Kalawitan, si kumsukuma, kumsikiliza tu. Anavyoongea muda wote na vijana wa Baritaw, kushoto, nyuma yako, vizuri, tena. Miaka kumi na tatu Ponso alikuwa anaandika namba ukutani, na kazi yenyewe alikuwa anaiona leo, kutoka hatua mbili, filimbi mdomoni.

Sekunde tisa zikiwa zimebaki, Baritaw walikuwa nyuma kwa pointi mbili. Balong alichezewa vibaya akapewa mitupo miwili ya bure. Wa kwanza uligonga chuma. Miguu ilikuwa imekwisha, mpira haukuwa na mtu wa kuusukuma kutoka chini. Wa pili haukufika hata kwenye chuma.

"Namba Saba..." Badong alianza. Kisha akaitupa siri ya Kapitana. "Balong wetu! Balong wetu huyo! Mpigieni makofi, msikae!"

Hakuna aliyekaa. Walishindwa kwa pointi mbili na walipiga makofi kama wamechukua kombe. Nahodha wa Kalawitan alikuja, yule mwenye mdomo, akauchukua mkono wa Balong akauweka kwenye paji la uso wake, kama kwa mzee. Alitaka picha, lakini simu zilikuwa kwenye mabeseni. Hakuna aliyepiga picha hata moja.

Ponso alimsaidia kukaa kwenye kigari cha pikipiki, goti limenyooshwa nje na barafu ya muuza samaki juu yake.

"Mia nne themanini na mbili," Ponso alisema.

"Hii haihesabiwi, Tiyo."

"Ukuta ni wangu. Nitaandika ninachotaka."

Kesho yake asubuhi walikwenda kanisani wote watatu. Watu walikuwa wamejipanga pande mbili, wameacha njia katikati kama kila mwaka. Mlangoni Lola Sepa alisimama, akashika sketi, na miguu yake ikaanza kukunjika yenyewe. Balong alimshika mkono huu, Ponso ule.

"Hapana, Lola," Balong alisema. "Imeshalipwa."

"Najua imelipwa. Nilikuwepo." Lakini hakusogea. "Basi lako la Manila ni saa ngapi?"

"Sina haraka."

Lola alimtazama yeye, kisha akamtazama Ponso. Ponso akaangalia mapambo ya mpunga yaliyotundikwa juu ya mlango. Lola alikaza mkono wake kwenye mkono wa mjukuu wake, na wakaanza kutembea, mmoja anachechemea kwa sababu ya uzee, mwingine kwa sababu ya jana, kwa mwendo mmoja. Watu waliwafuata kwa macho. Kapitana Luding alikuwa anapenga makamasi kwenye leso.

Walifika altareni kwa muda ambao mtu humaliza kuvaa viatu. Lola Sepa alisimama mbele ya sanamu ya Mtakatifu Isidro, mkulima na ng'ombe wake, akaangalia nyuma mlangoni, akaangalia tena mbele. Alikuwa amekasirika kidogo.

"Mbona tumefika upesi hivi?" alinong'ona. "Nina sala zangu za njiani. Sikufika hata nusu."

"Turudi mlangoni," Balong alimwambia. "Uanze upya. Kwa miguu."

Lola alifikiri. Padre alikuwa anasubiri, na kwaya ilishasimama.

"Turudi," alisema, akageuka.